Bunduki Iliyoelekezwa Ndani: Mlinzi, Abiria na Haramia katika Fasihi ya Meli za Mvuke za Asia ya Kikoloni

Utangulizi

Neno "haramia" ni hukumu kabla ya kuwa maelezo. Lina shina moja na "haramu", na yeyote anayepachikwa jina hilo huwa amekwisha kutolewa nje ya sheria hata kabla ya kosa lake kusimuliwa. Neno "abiria" ni kinyume chake: linatokana na dhana ya kuvuka, na linamtaja mtu aliyelipa nauli yake akauacha usalama wake mikononi mwa nahodha. Baina ya hawa wawili husimama "askari", neno ambalo katika Afrika Mashariki limemtaja mwanajeshi, polisi na mlinzi wa mlangoni bila ya kuwabagua. Kwa hivyo lugha imeandaa watu watatu na nafasi tatu, na msomaji wa hadithi za bahari huelekea kuamini kwamba kila nafasi ina mtu wake.

Katika meli za mvuke zilizohudumia pwani ya China tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya 1930, mpangilio huu ulivurugika. Haramia aliingia melini kwa tiketi. Alipanda ngazi moja na abiria wengine, akalala nao sitahani, akala nao wali, na hadi dakika ile alipotoa silaha hapakuwa na alama yoyote ya kumtenga nao. Mlinzi aliyewekwa kumzuia hakuwa na wa kumlenga isipokuwa abiria mwenyewe. Bunduki iliyonunuliwa kwa ajili ya hatari ya bahari ilielekezwa ndani ya meli.

Makala haya yanachunguza jinsi kazi za kubuni zilivyoikabili hali hiyo. Kazi tatu zitazingatiwa: hadithi ya Joseph Conrad iitwayo "Typhoon" (1902), filamu ya Marekani "China Seas" (1935), ambayo inachukuliwa hapa kama tamthilia, na kisa cha Yang Zhi katika riwaya ya kale ya Kichina "Shuihu zhuan". Hoja inayotetewa ni kwamba fasihi ya Kimagharibi ya bahari hii humhitaji mlinzi lakini haimpi nafasi ya mhusika kamili, kwa kuwa kumpa nafasi hiyo kungemlazimu msomaji kuuliza bunduki inamwelekea nani. Conrad alilifikia swali hilo akaligusa. Filamu ya 1935 ililizima. Riwaya ya Kichina ilikuwa imekwisha kulijibu karne nyingi kabla.

Haja ya uchunguzi huu si ya mbali kwa mhakiki wa Afrika Mashariki. Tangu Chinua Achebe alipotoa mhadhara wake wa 1975 kuhusu "Heart of Darkness", mjadala juu ya Conrad barani Afrika umeelekea zaidi kwenye mto Kongo. Hadithi zake za bahari za Asia zimeachwa pembeni, kana kwamba ukoloni uliokuwa ukitenda kazi huko ulikuwa wa namna nyingine. Lakini hata msamiati wa pwani ya Afrika Mashariki unakanusha jambo hilo. "Kuli", neno analoitwa mpagazi wa bandarini Mombasa na Dar es Salaam, ni lile lile waliloitwa abiria wa Conrad. Bahari ilikuwa moja, na waliosafirishwa na waliowalinda waliandikwa katika daftari la himaya moja.

Muktadha wa Kihistoria: Nondo na Bunduki

Mnamo Desemba 1890 meli ya Kiingereza iitwayo Namoa iliondoka Hong Kong kuelekea Swatow. Miongoni mwa abiria wake wa Kichina walikuwamo wafanyakazi waliokuwa wakirejea makwao kutoka ng'ambo na akiba zao. Baada ya saa chache tu za safari, kundi la watu waliopanda kama abiria liliwageukia maofisa, likamuua nahodha, likapora mali na kutoweka kwa majahazi. Tukio hilo lilikuwa na sura ambayo ingejirudia kwa takriban nusu karne: silaha hupenyezwa katika mizigo, kundi hugawanyika kimya kimya, kisha chumba cha usukani na chumba cha mitambo hushambuliwa kwa wakati mmoja. Katika miaka ya 1920 mahali palipopendelewa pa kuipeleka meli iliyotekwa palikuwa Bias Bay, ghuba iliyo kaskazini-mashariki ya Hong Kong, ambako mateka na mali vilishushwa, na meli yenyewe ikaachwa iende zake.

Serikali ya kikoloni ya Hong Kong ilijibu kwa sheria. Mwaka 1914 ulikuwa mwaka wa msiba wa meli Tai On, ambapo maharamia waliposhindwa kuiteka sehemu ya nahodha waliitia meli moto, na zaidi ya watu mia moja wakaangamia kwa kuungua na kuzama. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya kuzuia uharamia, ambayo kanuni zake zilizitaka meli zinazobeba abiria wa Kichina ziwe na kuta za nondo za kuitenga sehemu ya maofisa na sitaha ya abiria, milango ya kufungwa kwa ndani, na walinzi wenye silaha. Walinzi hao waliajiriwa kwa kigezo cha ugeni. Wengi walikuwa Masingasinga na Wahindi wengine. Baadaye waliongezwa Wachina wa kaskazini kutoka Weihaiwei, na Warusi waliokimbia mapinduzi ya 1917. Kanuni ya kikoloni haikuandikwa lakini ilieleweka: anayelinda asiwe na udugu na anayelindwa dhidi yake.

Jambo la kutiliwa mkazo ni kwamba nondo hazikuuondoa uharamia, bali ziliubadilisha umbo. Mnamo Novemba 1926 maofisa wa meli Sunning walifanikiwa kuirudisha sehemu ya usukani mikononi mwao, na maharamia wakajibu kama wenzao wa Tai On, kwa moto. Mnamo Machi 1927 jeshi la wanamaji la Uingereza lilishuka Bias Bay na kuteketeza nyumba na majahazi ya vijiji vya huko. Mnamo Oktoba mwaka huo nyambizi L4 iliifyatulia mizinga meli Irene, iliyokuwa imetekwa ikiwa na abiria wake, nayo ikazama. Wengi waliokolewa, lakini si wote. Na mnamo Januari 1935 meli Tungchow, iliyokuwa na walinzi wa Kirusi na watoto wa shule zaidi ya sabini, ilitekwa muda mfupi baada ya kuondoka Shanghai. Mlinzi mmoja aliuawa, na meli ikafikishwa Bias Bay kama nyingine zilizoitangulia.

Haifai kumpamba haramia kwa sababu hizi. Waliopoteza zaidi katika visa hivi walikuwa Wachina wa kawaida, vibarua na wachuuzi waliobeba jasho la miaka kadhaa katika kasha moja. Lakini ni watu hao hao waliokuwa upande usiofaa wa nondo. Meli ilipowaka, ukuta uliojengwa kwa jina la usalama uliwafungia humo humo. Hili ndilo tatizo la kimaadili ambalo historia iliwakabidhi wasanii.

"Typhoon": Silaha Zinazorudishwa

Mtu anaweza kupinga mapema kwamba katika "Typhoon" hamna haramia hata mmoja. Pingamizi hilo ni la kweli, na ndilo linaloifanya hadithi hii kuwa ya manufaa. Conrad amemwondoa haramia akabakiza kila kitu kingine: meli ya mvuke, maofisa wachache wa Kizungu, makuli mia mbili, fedha, hofu na bunduki. Msomaji anapewa nafasi ya kuitazama mantiki ya mlinzi ikifanya kazi bila ya adui wake.

Meli Nan-Shan inawarudisha Fu-chau makuli waliofanya kazi kwa miaka kadhaa katika makoloni ya nchi za joto. Kila mmoja ana kasha la mti wa kafuri, na ndani yake dola za fedha alizozichuma. Nahodha MacWhirr, mtu asiyejua kuwaza zaidi ya kile anachokiona, anaikabili tufani uso kwa uso badala ya kuikwepa. Meli inapopigwa, makasha yanavunjika huko chini ya sitaha, dola zinatapakaa, na watu wanaanza kuzigombania gizani. MacWhirr anamwamuru naibu wake, Jukes, ashuke na mabaharia kuukomesha ugomvi. Wanaingia katikati ya miili, wanafunga kamba za kushikilia, wanazikusanya fedha zote na kuzifungia.

Usawiri wa makuli katika sehemu hii umestahili lawama uliyopata. Wanaonekana kama lundo moja linaloviringika pamoja na mwendo wa meli. Hawana majina, hawana nyuso, na pale mmoja wao anapojaribu kusema, sauti yake inamfikia Jukes kama mlio usio wa lugha ya binadamu. Hata MacWhirr anashangaa Jukes anapowataja makuli kwa neno "abiria", kwani hajapata kuwasikia wakiitwa hivyo. Mshangao huo ni wa kuchekesha juu juu, lakini umebeba uzito wa hadithi nzima. Aliyelipa nauli ni abiria. Asiyetambuliwa kuwa abiria ni mzigo. Na mzigo ukianza kudai, jina lake linalofuata liko karibu sana.

Baada ya tufani, Jukes anaamini kwamba makuli watadai fedha zao kwa nguvu. Hofu yake ina sababu za kisiasa ambazo Conrad amezipanda mapema. Nan-Shan imehamishwa kutoka bendera ya Uingereza hadi bendera ya Siam, na Jukes, aliyelalamika mwanzoni juu ya tembo aliye katika bendera hiyo, sasa anaelewa kwamba haikuwa suala la rangi za kitambaa. Bila ya bendera ya Uingereza hakuna balozi wa kukimbilia. Rai yake ni kwamba makuli wafungiwe chini hadi meli ifike Fu-chau, ambako pengine patakuwa na manowari, na mizinga yake iwe ngao ya meli. Kwa maneno mengine, Jukes anataka nondo na mlinzi. Anapoamshwa kwa habari kwamba nahodha amewafungulia makuli watoke sitahani, anawapa mabaharia bunduki na kukimbilia juu.

Hapa ndipo hadithi inapogeuka. MacWhirr hashangilii kuona silaha, anatishika nazo. Anamtaka Jukes awanyang'anye watu bunduki hizo kabla mtu hajaumizwa. Kisha, kwa msaada wa karani Mchina anayetafsiri, anawagawia makuli fedha kwa usawa, kwa hoja kwamba wote walifanya kazi mahali pamoja kwa muda uleule. Dola tatu zinabaki, nazo wanapewa watatu walioumia kuliko wenzao. Hakuna ghasia. Makuli waliodhaniwa kuwa karibu kugeuka maharamia wanapokea haki yao na kushuka.

Je, MacWhirr ni mtetezi wa wanyonge? Hapana, na Conrad hamwachi msomaji adhani hivyo. Nahodha huyu anatenda haki kwa sababu akili yake haina nafasi ya kuota hatari isiyokuwepo. Jukes ana ubunifu, na ubunifu wake ndio unaowaona maharamia mahali palipo na vibarua waliochoka na kujeruhiwa. Kejeli ya Conrad imejificha hapa: sifa ambayo fasihi ya Kimagharibi huisifu kuliko zote, uwezo wa kuwazia, ndiyo iliyoshika bunduki, na upungufu wa sifa hiyo ndio ulioiweka chini.

Hata hivyo, fani ya hadithi inazuia ushindi huu usikamilike. Mandhari ya ugawaji hayasimuliwi na msimulizi mkuu. Tufani inapofikia kilele hadithi inaruka. Kinachofuata kinapatikana kwa barua: ya nahodha kwa mkewe, ambaye anaisoma bila kuitilia maanani. Ya Rout, mhandisi mkuu. Na ya Jukes kwa rafiki yake. Kisa cha bunduki kurudishwa kinatoka katika kalamu ya mtu aliyezitoa. Ni Jukes anayekadiria, mwishoni, kwamba nahodha alijikwamua vyema kwa mtu mzito wa akili kama yeye. Makuli, waliopewa dola zao, hawakupewa neno. Hawaandiki barua. Conrad aliweza kuishusha bunduki, lakini hakuweza kuuondoa ukuta wa nondo uliopita katikati ya usimulizi wake.

"China Seas": Ufunguo wa Ghala la Silaha

Filamu "China Seas", iliyoongozwa na Tay Garnett kutokana na riwaya ya Crosbie Garstin, ilitoka mnamo 1935, miezi michache baada ya kutekwa kwa Tungchow. Clark Gable ni nahodha Gaskell wa meli Kin Lung inayosafiri kutoka Hong Kong kwenda Singapore ikiwa na shehena ya dhahabu. Jean Harlow ni mwanamke aitwaye China Doll anayempenda. Na Wallace Beery ni MacArdle, mfanyabiashara anayeshirikiana kwa siri na maharamia.

Ulinganisho na "Typhoon" unajileta wenyewe. Kuna tufani hapa pia, na kuna mali inayoogopewa kuporwa. Lakini mali hiyo imebadilishwa mwenyewe. Katika Conrad, fedha zilikuwa za makuli, na swali lilikuwa jinsi ya kuwarudishia. Katika filamu, dhahabu ni ya kampuni na mabenki, na abiria wa sitahani hawana chochote cha kulindwa. Badiliko hili moja linatosha kuondoa swali zima la haki. Kilichobaki ni nani atakayethibitisha uanaume wake.

Tufani inapopiga, mashine kubwa ya kushindilia barabara iliyofungwa sitahani inakatika kamba na kuviringika huku na huku ikiwaponda Wachina walioko hapo. Ni picha ya kutisha, na pengine ndiyo picha ya kweli kuliko zote katika filamu hii: chombo cha maendeleo ya kikoloni kinawaua wale ambao kinasemekana kinapelekwa kwa faida yao. Lakini filamu haikai nayo. Vifo hivyo vinatumika kumpima ofisa wa tatu, Davids, mzee ambaye hapo zamani aliisalimisha meli kwa maharamia na sasa anaitwa mwoga. Waliopondwa ni mizani ya ujasiri wa mtu mwingine. Davids atajikomboa baadaye kwa kujirusha na mabomu juu ya jahazi la maharamia, na msomaji makini wa filamu atatambua kwamba amepewa historia, aibu, toba na kifo chenye maana, mambo manne ambayo hakuna Mchina hata mmoja katika meli hiyo aliyepewa lolote kati yake.

Mlinzi naye yuko wapi? Kati ya wahusika wanaousukuma msuko, hayupo. Nafasi yake imechukuliwa na kitu: ufunguo wa ghala la silaha. China Doll, baada ya kukataliwa na Gaskell, anauiba na kumpa MacArdle. Kwa hiyo meli inasalitiwa na wivu wa mwanamke wa Kizungu na tamaa ya mfanyabiashara wa Kizungu. Kwa mtazamo wa kwanza hili linaonekana kuwa jambo la haki, kwani lawama haikuwekwa juu ya Mchina. Kwa mtazamo wa pili, hata usaliti umenyang'anywa Asia. Maharamia wenyewe ni umati wenye panga na vyombo vya mateso, wanaojua kumbana nahodha mguu kwa chuma lakini wasiojua kwa nini wao ni maharamia. Filamu haina habari ya askari walioachishwa kazi baada ya vita vya majenerali, wala ya wavuvi wa Bias Bay ambao vijiji vyao viliteketezwa miaka minane kabla. Haramia wake hatoki popote.

Filamu hii inaufunua mfumo wa ulinzi bila kukusudia. Kwa kumwondoa mlinzi na kumweka ufunguo badala yake, inakiri kwamba katika fikra za kikoloni mlinzi hakuwa mtu bali chombo. Singasinga aliyesimama kwenye mlango wa nondo, maelfu ya maili kutoka Punjab, kwa mshahara mdogo, akiwa ndiye wa kwanza kupigwa risasi endapo abiria wangegeuka, alikuwa na mengi ya kusimulia. Sanaa iliyotegemea kuwepo kwake ili taharuki yake iaminike haikumwuliza.

Yang Zhi: Mlinzi Mwenye Jina

Huenda ikadhaniwa kwamba mlinzi hasimuliki, kwamba kazi yake ya kusimama na kungoja haina tamthilia. "Shuihu zhuan" inathibitisha kinyume chake. Riwaya hii ya enzi ya Ming, inayohusishwa na Shi Nai'an, inasimulia jinsi mashujaa 108 walivyosukumwa na udhalimu wa watawala hadi wakawa waasi wa kinamasi cha Liangshan. Kuileta hapa hakuhitaji udhuru mrefu. Wasimulizi wa mitaani waliitamba kwa karne nyingi; na mnamo 1933, baina ya kuteketea kwa Sunning na kutekwa kwa Tungchow, Pearl Buck aliichapisha kwa Kiingereza. Walioitengeneza "China Seas" walikuwa na njia ya kuisoma.

Yang Zhi ni askari wa ukoo maarufu wa majemadari. Kosa lake la kwanza ni la majini: alikabidhiwa shehena ya mfalme, na chombo kikapinduka mtoni. Baada ya kupoteza cheo, kujaribu kuuza upanga wake kwa ufukara, kuua mhuni aliyemchokoza na kuhukumiwa uhamisho, anapata bwana mpya, gavana Liang. Gavana huyu anataka kumpelekea baba mkwe wake, waziri Cai Jing, zawadi za siku ya kuzaliwa zenye thamani ya mafungu laki moja ya sarafu. Riwaya haifichi kwamba mali hiyo imekamuliwa kutoka kwa wananchi. Yang Zhi anateuliwa kuwa mlinzi wa msafara.

Anajua kazi yake. Anashauri wasiende na bendera wala ngoma, bali askari wavae kama wapagazi na msafara uonekane wa wachuuzi. Njiani, katika joto kali, anawachapa askari wake kwa bakora ili wasipumzike mahali pa hatari. Nao wanamchukia, kwa kuwa wanaoubeba mzigo ni wao. Katika genge la Udongo wa Manjano wanakutana na watu saba waliojifanya wauza tende, na muuza pombe anayejifanya hawajui. Askari wenye kiu wanainunua pombe. Yang Zhi anakataa kwanza, kisha anakunywa kidogo. Pombe imetiwa dawa. Wote wanalegea, na wanatazama kwa macho yao mali ikichukuliwa.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, hila ya pande zote mbili ni moja. Mlinzi amejivika uchuuzi na mporaji amejivika uchuuzi. Msomaji anayewatazama kwa mbali asingejua nani ni nani. Hii ndiyo hali ya sitaha ya Namoa, ila hapa mwandishi ameitambua kuwa hali ya pande mbili, ilhali sheria ya 1914 iliiona kuwa hila ya upande mmoja. Pili, baada ya kushindwa, Yang Zhi hawezi kurudi. Wenzake wanamtupia lawama yote. Anafikiria kujiua, anaghairi, na mwishowe anajiunga na waasi wa mlimani. Mlinzi amekuwa haramia, na hakubadilika tabia hata chembe. Kilichobadilika ni nani anayemwajiri na nani anayempa jina.

Huu ndio ukweli ambao ukuta wa nondo ulijengwa kuuficha. Mpaka baina ya mlinzi na haramia haukuwa wa damu wala wa maumbile, bali wa mshahara. Wote wawili walitoka katika tabaka lililokuwa na miili ya kukodisha. Riwaya ya Kichina ililiona hili kwa sababu ilimtazama mlinzi tangu alipokuwa na njaa. Fasihi ya meli ilianza kumtazama alipokwisha kupewa bunduki.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kazi zilizojadiliwa hazitofautiani kwa wingi wa maharamia waliomo bali kwa mwelekeo wa silaha na umiliki wa simulizi. "Typhoon" inaishusha bunduki lakini inamwachia mwenye bunduki kalamu. "China Seas" inambakiza mlinzi kama ufunguo. Kisa cha Yang Zhi kinampa mlinzi njaa, kosa, woga na uamuzi, na kwa kufanya hivyo kinalitikisa neno "haramia" lenyewe.

Kwa mhakiki wa Kiswahili, suala hili lina mizizi karibu. Himaya iliyomweka Singasinga mlangoni mwa meli ya Hong Kong ndiyo iliyowasafirisha Wahindi wapatao 32,000, wengi wao kutoka Punjab, kuja kujenga Reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Maneno "kuli" na "Singasinga" yalisafiri katika njia za bahari hiyo na yakabaki katika Kiswahili, moja likimtaja anayebeba na jingine likimtaja yule ambaye mara nyingi aliwekwa kulinda. Nani alimtazama nani kwa hofu, na kwa amri ya nani, ni jambo ambalo fasihi ya pwani hii inaweza kulichunguza kwa undani zaidi kuliko ilivyofanya.

Suala lenyewe halijapitwa na wakati. Wimbi la uharamia wa pwani ya Somalia lilipopanda baada ya 2008, walinzi wa kukodiwa walirejea katika meli za biashara za Bahari ya Hindi, na washukiwa walifikishwa mbele ya mahakama za Mombasa. Meli Maersk Alabama, iliyotekwa mnamo Aprili 2009, ilikuwa ikielekea bandari hiyo, na kisa chake kikageuzwa filamu ya "Captain Phillips" mnamo 2013. Safari hii haramia alitoka nje, kwa mashua, na bunduki ya mlinzi ikaelekezwa baharini. Tofauti hiyo ni kubwa na haipaswi kupuuzwa. Lakini maswali ya kuiuliza kazi yoyote ya aina hii yanabaki matatu: bunduki inamwelekea nani, nani aliyekodiwa kuishika, na nani aliyeachiwa kusimulia. Mwanafunzi anayeyaendea maandishi ya bahari, yawe ya Conrad au ya waandishi wa Mombasa na Lamu, hatakosa cha kufanyia kazi akiyashika hayo.